Kitanda Kilikosa Nini?

Urafiki wa wanaume waliofikia umri wa kupimwa presha hata wakienda hospitali kung'oa jino, siku hizi unaishi kwenye grupu la WhatsApp. Zamani uliishi baa. Baa ilikuwa na hasara zake, sikatai, lakini ilikuwa na viti, ilikuwa na paa, na ukichoka unaaga unaondoka. Grupu halina kuaga. Ukitoka inaandikwa mbele ya kadamnasi kwamba umetoka, halafu simu zinaanza: kaka, umekasirika nini?

Letu lilianzishwa kwa ajili ya msiba. Tukachanga, tukazika, arobaini ikapita, na msimamizi badala ya kulifunga akaliacha wazi. Likapita kwenye salamu za asubuhi zenye picha za maua, likapita kwenye usajili wa Simba na Yanga, likapita kwenye tiba ya vitunguu saumu, hadi siku mmoja wetu alipotuma picha ya pikipiki imeegeshwa kando ya hema, nyuma yake mlima wenye ncha, na chini yake maneno mawili: "Lini sasa?" Watu ambao hawajawahi kujibu mchango wa harusi walijibu kabla sijamaliza kuitazama picha yenyewe.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na pikipiki. Ninayo, ya CC 125, niliinunua kwa sababu ya foleni, na hunifikisha kazini shati likiwa bado linatambulika rangi yake. Pikipiki ni chombo cha kumtoa mtu pasipo na chai na kumpeleka penye chai. Ninachogombana nacho ni hii fikra mpya kwamba mtu mzima, mwenye nyumba, mwenye kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, anaweza kuchukua likizo yake akaenda kulala chini, na akarudi akasema amepumzika.

Mama yangu alikuwa amekuja kutusalimu jioni niliyokuwa nafunga mizigo. Alikaa kwenye kochi akanitazama ninavyohangaika kulirudisha hema kwenye mfuko wake. Mama amelala juu ya ngozi ya ng'ombe mpaka alipoolewa. Ameteka maji mtoni, amepikia kuni, ameuza mbuzi mmoja baada ya mwingine ili sisi tusome tuachane na mambo hayo. Akaniuliza, "Mwanangu, mmefukuzwa hapa?" Nikamwambia hapana mama, tunakwenda kutembea porini na wenzangu. Akafikiri. "Sasa kitanda kimekosa nini?" Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusema neno. Alimwongezea mama chai, ya maziwa, na mkate akapaka siagi pande zote mbili.

Watanzania watatu hawawezi kwenda mahali bila kamati, na sisi tulikuwa watano. Mwenyekiti akawa yule mwenye pikipiki kubwa ya CC 650, yenye masanduku ya bati ubavuni na kioo kinachoonyesha ramani. Ana pia koti lenye mifuko mingi, ufunguo ukitumbukia humo unatafutwa kwa zamu. Mhazini ni mtu wa benki. Sadaka yenyewe anaitolea macho kama atapewa risiti. Mwalimu ni mwalimu kweli, wa jiografia, amezoea kuzungumza na watu wasioruhusiwa kuondoka. Wa nne ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, na sina ushahidi wowote kwamba alitumwa. Mimi nikawa mjumbe, cheo ambacho kazi yake ni kuosha sufuria.

Njia ilipitishwa kwa kauli moja nikiwa nimekwenda msalani. Tutoke Arusha hadi Makuyuni, tuingie Mto wa Mbu, tuiache lami, tufuate ukuta wa Bonde la Ufa kwenda kaskazini: Selela, Engaruka, Engare Sero, hadi Ziwa Natron chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Kurudi tupitie Gelai na Kitumbeine tutokee Longido, kwenye lami ya Namanga. "Ni kamwendo tu," alisema Mwenyekiti, na akaipitisha kucha ya kidole chake juu ya ramani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote.

Mpaka Mto wa Mbu hata mimi niliona raha, na nalisema hilo kwa kutenda haki. Lami ilikuwa nzuri na ng'ombe walikuwa wanakaa upande wao. Tukanywa chai na chapati, tukala zile ndizi nyekundu, tukapiga picha. Ukiziona picha zetu tukiwa tumetabasamu, buti zinang'aa, helmeti kwapani, ujue zimepigwa pale. Picha zote nzuri za safari ile zilipigwa kabla ya safari.

Sasa niseme kuhusu vumbi. Vumbi la upande ule si vumbi letu la kawaida la kufuta kwa kitambaa. Ni majivu. Lengai imekuwa ikiyatapika kwa maelfu ya miaka, na mlipuko mkubwa wa karibuni, wa 2007 na 2008, uliongeza mengine juu ya yale ya zamani. Ni laini kama unga wa ngano, na yanajaza mashimo mpaka usawa wa njia, kwa hiyo unachokiona kwa macho ni barabara tambarare na unachokiingia kwa tairi ni handaki. Gurudumu la mbele linazama, usukani unafanya maamuzi yake, na wewe unabaki abiria juu ya chombo unachokidai kuwa chako. Ukivuka hapo unakutana na korongo la mchanga. Ukivuka korongo, mawe. Ukivuka mawe, Mwenyekiti anasimama mbele, anavua helmeti, anasema, "Wazee, mmeionaje hiyo?"

Lakini korongo halina cheo. Pikipiki ya CC 650 ikiwa na masanduku, maji, jiko la gesi na kibegi cha dawa inapita kilo 200, na mchanga ulikuwa unaisubiri kwa hamu. Ilianguka upande wa kulia. Tukaiinua. Ikaenda hatua chache ikakumbuka kwamba haijaangukia upande wa kushoto. Kuinyanyua pikipiki ya namna ile saa saba mchana, bondeni, ukiwa umevaa koti la mifuko kwa sababu wote mliamua kufanana, ni kazi ambayo ukimpa kibarua atakuomba kwanza muelewane. Mimi binafsi sikuanguka. Niliuona mchanga, nikaipima hali, nikajilaza.

Tukiwa tumesimama hapo tunahema, kila mtu akitafuta kivuli cha mgunga usio na majani, tukasikia ngurumo ya pikipiki. Ikatokeza bodaboda. Dereva kijana wa Kimaasai, shuka nyekundu imefungwa begani, katambuga mguuni, kofia ya sufu kichwani badala ya helmeti. Mbele yake, juu ya tangi, gunia la unga. Nyuma yake yeyo mmoja, mama wa Kimaasai mtu mzima, amekaa upande, mtoto amempakata, na nyuma ya yeyo kuna mbuzi amefungwa kwenye keria, hai, anatazama mandhari. Kijana alifika ukingoni mwa korongo, hakupunguza mwendo, akashusha miguu yote miwili akaiacha iteleze juu ya mchanga kushoto na kulia, akavuka, akapanda ng'ambo. Alipotupita alipiga honi. Yeyo alitupungia mkono. Mbuzi alitupita kichwa kikiwa kimegeukia kwetu, na sikuwahi kutazamwa vile na kitoweo.

Hatukuzungumza kwa muda. Halafu Mwenyekiti akasema, "Yule ana pikipiki nyepesi." Naam. Yeye, unga, bibi, mjukuu na mbuzi.

Pancha ya kwanza ilimpata Mhazini kabla hatujafika Engaruka. Mwiba wa mgunga, mrefu, mweupe, umeingia tairi la nyuma mpaka shingoni. Mwenyekiti alifurahi waziwazi, kwa sababu ana kibegi cha pancha kilichotoka nje ya nchi. Ndani mlikuwa na pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri, vyuma vitatu vya kutolea tairi vilivyopakwa rangi ya machungwa, na glovu. Pampu iliunguruma, ikatoa harufu, ikanyamaza. Vyuma vilipinda. Tukabaki na glovu. Shemeji akapendekeza tutazame video ya jinsi ya kutoa tairi, wazo zuri sana ambalo lilihitaji mtandao.

Ndipo yule kijana aliporudi, amekwisha kuwashusha watu wake. Alizima pikipiki bila kuitwa. Akachutama, akalibonyeza tairi kwa gumba, akachomoa chini ya kiti chake vyuma viwili bapa vilivyokatwa kutoka kwenye springi ya gari. Akalikanyaga tairi kwa katambuga hadi likaachia rimu, akaingiza chuma kimoja, akakishikilia kwa goti, akaingiza cha pili, na tyubu ikatoka. Maji ya kutafutia tundu hakuyahitaji. Aliijaza tyubu upepo kidogo, akaipitisha taratibu mbele ya midomo yake kama mtu anayesikiliza siri, akasimama mahali, akapaka mate, povu likachemka. Akasugua pale kwa kipande cha bati kilichotobolewatobolewa kwa msumari. Kiraka alikikata kutoka kwenye tyubu kuukuu. Akapaka gundi pande zote mbili, akaipepea, akakibandika, akakigonga kwa mpini wa sime. Kabla hajarudisha tyubu alifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu, pamoja na shahada zetu, aliyelifikiria: alipitisha vidole ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, akauchomoa mwiba uliobaki.

Akiwa anapiga upepo kwa pampu ya mkono, akauliza, "Wazee mnaenda wapi?"

"Natron," akasema Mwenyekiti.

"Mna kazi kule?"

"Hapana, tunatembea tu."

"Serikali imewatuma?"

"Hatujatumwa na mtu."

Akapiga pampu mara kadhaa, anafikiri. "Lakini mnalipwa."

"Tunalipa sisi," akasema Mhazini, kwa uchungu wa mtu anayejua jumla.

Kijana akasimama kupiga pampu. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, buti, koti, magoti ya plastiki, na usoni pake ikaingia ile huruma ambayo huwa tunamwonyesha mtu aliyepatwa na jambo la ukoo. "Haya, poleni wazee," akasema. Tukamuuliza bei. Elfu mbili. Mwenyekiti akampa elfu kumi, kijana akasema hana chenji, akaambiwa abaki nayo, na Mhazini akamwomba amwandikie risiti. Mpaka leo kwenye daftari letu la mapato na matumizi upo mstari unaosomeka "matengenezo ya dharura", na mbele yake kuna dole gumba lenye vumbi.

Engaruka tulifika jua limeanza kulegea. Hapo Mwalimu alikuwa ameusubiri wakati wake. Alitupandisha kwenye magofu, akatuonyesha matuta ya mawe yaliyopangwa mlimani na alama za mifereji, akatueleza kwamba kati ya karne ya 15 na 18 paliishi wakulima pale, maelfu kwa maelfu, wakayavuta maji ya mito kutoka ukutani mwa bonde hadi mashambani mwao, kwa mikono, katika nchi kavu ile. Halafu wakahama. Wataalamu wana maelezo yao kuhusu kupungua kwa maji. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe navua buti kumwaga mchanga, na nilichokiona ni hiki: watu wale walifika mahali pagumu na jambo la kwanza walilofanya ni kujenga nyumba. Waliweka mawe. Walileta maji yawafuate. Hakuna aliyesema tukae hivihivi, ndiyo uzuri wake.

Habari za vizuizi sitaki kuzieleza sana kwa sababu ya hiyo presha niliyoitaja. Itoshe kusema kwamba njiani kuna kamba, na kando ya kamba kuna kibanda, na kibandani kuna kijana mstaarabu mwenye kitabu cha risiti. Unalipa kuingia. Mbele kidogo kuna kamba nyingine. Natron tulifika kesho yake, na kambini unalipia kipande cha ardhi utakachokilalia, ardhi ileile, bila godoro. Sijawahi kulipia kitanda nikapewa sakafu, ila huku nililipia sakafu na nikapewa.

Hema langu limeandikwa kwenye mfuko kwamba ni la watu wawili. Napenda kumfahamu aliyewapima hao watu. Mimi na shemeji tukiingia, mmoja akitaka kugeuka ilibidi kwanza atoe taarifa. Godoro langu la upepo lilikuwa na tabia ya kuwa godoro mpaka usiku wa manane, kisha linashuka bila kelele, na unaamka kiuno kiko juu ya kokoto na miguu bado ina upepo. Na Natron kuna upepo mwingine, wa nje, wa moto, unaoshuka kutoka ukutani usiku na kulishika hema kwa pembe zote kana kwamba linadaiwa. Shemeji hakusikia chochote. Shemeji anakoroma kwa namna ambayo hata fisi waliokuwa wanalia upande wa pili wa mto walinyamaza kidogo, nadhani kwa kushauriana.

Nifike kwenye maharage. Mhazini alikuwa ametupangia chakula kwa bei ya jumla: tambi, dagaa, mchele, na maharage makavu, kwa hoja kwamba maharage hayaharibiki. Ni kweli hayaharibiki. Hayaivi pia. Tuliyaweka motoni saa kumi jioni, saa mbili usiku bado yanagonga sufuria. Hapo Mwalimu akacheka, akasema jamani, watu wa ajabu nyie, tumekaa juu ya magadi na tunahangaika na kuni? Ni kweli Natron ni ziwa la magadi. Kando yake chumvi nyeupe imegandamana kwenye tope, na maji yenyewe ni makali kiasi kwamba viumbe wachache tu wanayamudu. Kila bibi anajua kwamba punje ya magadi hulainisha maharage na kande. Kila bibi anajua pia neno "punje". Mwalimu alichota kwa mkono, akapima kwa jicho, akatupia, povu likapanda, na kweli nusu saa baadaye yakaiva. Yaliiva mpaka yakawa na ladha ya sabuni ya mche. Tukala, kwa sababu ya njaa na kwa sababu Mhazini alikuwa anatazama.

Msomaji aliyewahi kupanda basi la mkoani anajua maana ya kuchimba dawa. Basi husimama, watu hushuka, wanaume huku na wanawake kule, dakika tano mnaondoka. Usiku ule tulichimba dawa ya kutosha hospitali ya wilaya. Usiku, porini, ukiwa na tochi mdomoni na karatasi mkononi, fisi akiwa sehemu fulani anatafakari, ndipo unapoelewa kwa nini binadamu alibuni mlango. Nilikutana na Mwenyekiti njiani, yeye anarudi mimi nakwenda. Tulipishana bila kusalimiana.

Mchana wa kesho yake tulikwenda kuziona nyayo. Nitasema ukweli, hizi zilinigusa, na ni kwa sababu zilikuwa upande wangu. Hapo Engare Sero, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda yakawa jiwe, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu. Umri wake umekadiriwa kuwa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Unaona kisigino, unaona kidole gumba, unaona mahali mtu alipoteleza kidogo akajishika. Mwalimu akatusomea kutoka kwenye simu kwamba watafiti walichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa kundi la watu 17 waliokuwa wanatembea pamoja upande mmoja: inaelekea wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Wanadhani walikuwa kwenye shughuli ya kutafuta chakula, wanawake kwa pamoja, wanaume wakiwasindikiza.

Nikawaambia wenzangu watazame vizuri. Wanawake 14, mguu mtupu, juu ya majivu yaleyale yaliyotushinda sisi na tairi zetu. Wana sababu ya kuwa pale: wanatafuta cha kula. Wakikipata wanarudi walikotoka. Kwenye majivu yote yale hakuna alama ya kiti cha kukunja chenye tundu la kuwekea kikombe. Hapo shemeji akanitazama, maana kiti hicho ni chake, alikifunga juu ya pikipiki yangu tangu Arusha kwa kuwa yake haikuwa na nafasi.

Na flamingo je? Mwenyekiti alitaka tuwaone kwa darubini, tukawaona, wekundu wekundu kwa mbali. Ziwa hili ndimo wanamozaliwa flamingo wadogo kwa wingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, kwa sababu ukali wa magadi unawazuia wanyama wanaokula mayai na makinda. Lakini hata flamingo, pamoja na kupapenda pale, halali chini. Anakusanya tope, anajenga kijichuguu kilichoinuka, anataga juu yake. Ndege mwenye ubongo mdogo kama ule amejifikiria akajitengenezea kitanda.

Usiku uliofuata wakapanda mlima. Lengai hupandwa kuanzia usiku wa manane, ili mtu awe amefika kileleni kabla jua halijaanza kumkaanga, na kilele kiko mita 2,962 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa majivu unaokurudisha hatua moja kwa kila mbili unazopanda. Mwalimu alikuwa ametushawishi kwa kutueleza kwamba ndiyo volkano pekee duniani inayotoa lava ya namna yake, nyeusi, nyepesi, inayogeuka nyeupe ikishapoa na kukutana na unyevu. Na ni lava baridi, akasema. Nikauliza baridi kiasi gani. Akasema kama nyuzi 500 hadi 600. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu na huenda kusali chini yake, kwa heshima. Nikawaambia Mungu akiwa na neno nami anajua ninapoishi, tena anajua na kitanda. Wakaenda Mwenyekiti, shemeji na mwongozaji. Nikalala katikati ya hema, mikono nimeitandaza. Walirudi saa nne asubuhi wakitembea kinyumenyume, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kushuka kwa mbele. Shemeji alisema ameona mapambazuko ambayo hatayasahau. Akalala hapohapo alipolisema, juani, na ilibidi tumsogeze.

Njia ya Gelai nitaipita haraka, kama nilivyotamani kuipita siku ile. Pale katikati pikipiki ya Mwenyekiti ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Chujio la hewa lilikuwa limejaa majivu mpaka ukilipiga linatoa wingu. Tulilikung'uta, tukalipuliza, tukalisemesha. Kioo cha ramani kiliwaka vizuri kabisa, kikituonyesha mahali hasa tulipokwama. Likaja lori la mifugo linalokwenda mnadani. Tukasaidiana na wachungaji kuipandisha ile CC 650 katikati ya mbuzi, ikafungwa kamba, na Mwenyekiti akapanda nayo, kwa kuwa hakutaka kuiacha peke yake na wageni. CC 125 yangu, ya kwendea kazini, ilifika Longido ikiimba, na kiti cha shemeji juu yake.

Jioni ile grupu lilijaa picha. Mwenyekiti juu ya pikipiki, Mwenyekiti na mlima, Mwenyekiti anatazama mbali. Ipo moja ameegemea pikipiki amechoka kishujaa, pembeni kabisa ya picha panaonekana sikio la mbuzi. Kwingine kote amekata. Pongezi zikamiminika kutoka kwa wale waliosema ndiyo wakabaki nyumbani. Mhazini akatuma hesabu yake, kila kitu hadi kiberiti, na ukigawanya kwa vichwa inatoka bei ya chumba chenye feni, chai ya asubuhi na mtu wa kukutandikia.

Kwa hiyo natangaza: nauza hema. Ni la watu wawili wasiogeuka, zipu moja ina ugomvi, vigingi vimepungua. Atakayelichukua nampa pamoja na kiti chenye tundu la kikombe. Shemeji bado hajaambiwa. Anayelitaka kwa ajili ya kulala ndani yake, bei ni kubwa na sipunguzi. Mwenye shida ya maana, kama kufunika mahindi au kuanikia mpunga, aje alichukue bure.